Tuombe taa au matuta? Jibu kuhusu njia panda ya shule Tabora

*"Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi hapa Tabora mjini. Shule yetu iko kwenye njia panda: barabara kubwa ya lami inapita mbele, na ya vumbi inaingia kutoka upande wa soko. Geti linafungukia barabarani moja kwa moja. Pembeni kuna mwembe mkubwa wa zamani, chini yake kijiwe cha bodaboda na kina mama wawili wa maandazi. Tangu mwaka uanze watoto wawili wamegongwa, mmoja alivunjika mguu. Diwani anasema manispaa inaandaa maombi ya fedha Serikali Kuu ili njia panda za karibu na shule ziboreshwe, na kila shule iseme inahitaji nini. Kwenye kikao wazazi wengi walitaka taa za kuongozea magari kama za Dar. Wengine wakasema taa zitachelewa, tuchangishane saruji tujenge matuta wenyewe Jumamosi. Mzee mmoja akasema shida ni mwembe, ukatwe. Wapo pia wanaosema watoto wafundishwe tu, mbona sisi tulivuka barabara hizo hizo na tumekua. Tuombe nini, kwa nani, na tufanye nini tukiwa tunasubiri?"*

Marahaba, mama. Poleni sana, na huyo wa mguu Mungu amjalie apone vizuri. Nitaanza na jibu lenyewe ili hata ukiishia hapa uwe na la kupeleka kikaoni: msiombe taa. Msijenge matuta wenyewe. Ombeni kitu kinachowalazimisha madereva kupunguza mwendo kabla hawajafika getini, na wakati mnasubiri hamisheni geti. Mwembe nitaurudia mwishoni, maana mzee yule hakukosea kabisa.

Nianze na hoja ya "sisi tulivuka na tumekua", kwa sababu hiyo ndiyo inayoua maombi mengi kabla hayajaandikwa. Tabora mliyovuka ninyi ilikuwa ya baiskeli. Baiskeli ikimgonga mtoto wote wawili wanaanguka, wanainuka, wanagombana. Leo mbele ya geti hilo zinapita bodaboda, Hiace na malori ya mizigo, na lami imekuwa laini kuliko zamani. Barabara imebaki na jina lake tu. Kuhusu kufundisha, wafundisheni, sipingi, ila msitegemee kwamba mtoto wa miaka saba atayatenda aliyofundishwa kila siku. Mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi hivi bado hawezi kukadiria vizuri kitu kinachomjia kinakuja kwa kasi gani. Anaona gari liko mbali, basi kwake liko mbali. Rafiki akimwita ng'ambo, somo lote linayeyuka. Kuna na suala la kimo, ambalo watu wazima hatulioni kwa sababu tunatazama kutoka juu. Kesho asubuhi chuchumaa hapo getini mpaka macho yako yafike usawa wa macho ya mtoto wa darasa la kwanza, kisha tazama barabara. Utaona matairi ya bodaboda zilizoegeshwa na beseni za maandazi. Barabara hutaiona. Na dereva naye hamwoni mtoto.

Sasa kasi. Chukua magari mawili, moja linakwenda kilomita 30 kwa saa, lingine 50. Mtoto anachomoka mita 14 mbele yao. Dereva hata awe makini vipi, hutumia kama sekunde moja kuona, kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki. Ndani ya sekunde hiyo gari la 30 limekwenda mita 8 na kidogo, na breki zikishika kwenye lami kavu linahitaji nyingine kama 5. Limesimama, mtoto anapiga kelele, dereva anatukana, kila mtu anakwenda nyumbani. Gari la 50 ndani ya sekunde hiyo hiyo limeshakwenda karibu mita 14. Yaani limemfikia mtoto kabla breki haijaanza kazi. Nguvu ya kugonga nayo haipandi sambamba na kasi, inapanda kwa mraba wake: kutoka 30 hadi 50 nguvu inakuwa karibu mara tatu. Hii ndiyo sababu mawaziri wa nchi nyingi waliokutana Stockholm Februari 2020 walikubaliana kwamba pale ambapo waenda kwa miguu na magari wanachangamana, kasi isizidi 30. Sheria yetu inaruhusu 50 kwenye maeneo ya makazi. Kwa mbele ya shule ya msingi, 50 ni nyingi, na mnayo haki ya kuomba iwe chini ya hapo.

Kuna jambo moja la Tabora ambalo michoro inayotoka Dar haina. Sisi tuko magharibi, saa ni ile ile ya Dar lakini jua linatuchelewea karibu nusu saa. Mwezi Julai linachomoza karibu saa 1 kamili asubuhi. Mtoto anayetoka nyumbani saa 12 na nusu anatembea kwenye kiza cha mapambazuko, na sare zenyewe nyingi zina rangi ya bluu iliyoiva. Saa 1 na robo jua limechomoza na limelala chini, na dereva anayeelekea mashariki linampiga machoni. Kwa hiyo kwenye ombi lenu andikeni wazi kwamba vibao na michoro iwe ya rangi inayong'aa kwenye mwanga wa taa za gari, na kuwe na taa ya kumulika pale pa kuvukia. Msidhani mhandisi atakumbuka mwenyewe. Ofisini tunaingia saa 1 na nusu, kumekwisha kucha.

Kuhusu taa za kuongozea magari. Naelewa kwa nini wazazi wanazipenda: zinaonekana, zinaheshimika, na mji wenye taa unajiona ni mji. Lakini taa ni dawa ya ugonjwa mwingine. Zinagawa zamu pale ambapo magari ni mengi kiasi kwamba hayapati nafasi ya kupishana. Hazipunguzi kasi. Dereva akiona kijani kutoka mbali anakanyaga mafuta aiwahi. Umeme ukikatika, na ninyi mnajua unavyokatika, njia panda inabaki bila mwenyewe na kila mtu anaamini zamu ni yake. Manispaa moja niliyowahi kuishauri ilisisitiza taa karibu na shule. Zikawekwa, zikafunguliwa kwa ngoma, betri zikachoka mwaka wa pili, na bajeti ya kuzinunua tena haikuwepo. Niliporudi nilikuta mama mmoja ametundika vitenge vya kuuza kwenye nguzo.

Kipilefti kidogo ni wazo bora zaidi kuliko taa, kama nafasi inatosha. Kwenye njia panda ya pande nne ya kawaida kuna sehemu 32 ambapo njia za magari zinaweza kugongana. Kwenye kipilefti cha njia moja zinabaki 8, na kila dereva analazimika kupinda, hivyo kupunguza. Ila yenu kwa maelezo yako ni ya pande tatu, na ukutani pa shule sioni nafasi. Sitaipigania bila kuiona.

Kinachofaa kwenu, kwa maoni yangu, ni zebra iliyoinuliwa. Hii ni tuta pana lenye bapa juu, kimo chake kama sentimita 10, na zebra inachorwa juu ya bapa hilo. Mtoto anavuka akiwa ameinuka kidogo, anaonekana. Gari linapanda, linapunguza lenyewe, dereva atake asitake. Kabla yake, mita kadhaa pande zote mbili, zinawekwa rasta, vile vituta vyembamba vinavyotikisa gari, za kumwamsha dereva na kibao cha watoto. Pembeni njia ya miguu iliyotengwa na barabara kwa vizuizi vifupi vya zege, ili bodaboda isikatishe huko. Hakuna la ajabu hapo. Dar es Salaam shirika la Amend limefanya vitu vya namna hii kwenye shule nyingi, na utafiti uliofuatilia watoto wa shule hizo ulionyesha majeraha ya barabarani yamepungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji. Sitaki kukudanganya kwamba zebra peke yake inatosha. Zebra iliyochorwa kwenye lami tambarare, bila tuta, wakati mwingine ni mbaya kuliko kutokuwepo: mtoto anaiamini, dereva haioni. Na rangi ya kawaida kwa mchanga wetu haimalizi mwaka.

Mbona basi nakataza matuta ya kujitolea, kama tuta ndiyo dawa? Kwa sababu ya umbo. Tuta linalofaa ni refu kwa mwelekeo wa gari. Lile la mviringo ambalo wahandisi wengi hulitumia lina urefu wa karibu mita 3.7 kwa kimo cha sentimita 10. La Jumamosi, la saruji na toroli tano, huwa jembamba na lenye mgongo mkali kama ng'ombe aliyelala. Gari dogo linakwaruza tumbo, dereva wa Hiace anajifunza kulikwepa kwa kupita pembeni, ambako ndiko watoto wanakotembea. Usiku, bila kibao wala rangi, anakuja mtu wa bodaboda na abiria nyuma. Mtakuwa mmeokoa mguu mmoja na kuvunja shingo mbili. Isitoshe Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kujenga chochote barabarani au kwenye hifadhi yake bila kibali cha mamlaka husika, na likitokea la kutokea, anayetafutwa ni mwenyekiti wa kamati yenu.

Hiyo saruji mliyotaka kuchangishana nina kazi nayo. Hamisheni geti. Hili ndilo jambo ninalotamani kila kamati ya shule ilisikie, kwa sababu lipo ndani ya uwezo wenu na ukuta ni wa shule. Kengele ya kutoka ikilia, watoto mia mbili wanachomoka kama maji kwenye bomba, na bomba lenyewe limeelekezwa katikati ya lami. Fungueni geti la wanafunzi upande wa barabara ya vumbi, mita 30 au 40 kutoka kwenye kona, na hili la mbele libaki la magari na wageni, lifungwe saa za kuingia na kutoka. Kama haiwezekani, basi jengeni kiukuta kifupi ndani ya geti ambacho mtoto lazima akizunguke. Akikata kona mbio zinaisha. Mwombeni mwalimu mkuu atoe madarasa kwa zamu, dakika tano tano. Na kwa kuwa kivuko kitajengwa mahali watoto wanapovuka kweli, siyo mahali tunapotaka wavuke, hamisheni geti kwanza ndipo muombe kivuko. Nimeona kivuko kizuri cha mamilioni kikiwa mita 60 kutoka kwenye geti. Hakuna aliyekipita isipokuwa mbuzi.

Wakati huo huo zungumzeni na vijana wa kijiwe. Msiwafukuze, nao ni kaka na baba wa watoto hao. Waombeni wasogee mita 20 kutoka kwenye kona, na kina mama wa maandazi vivyo hivyo. Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa anaweza kuwafunza wazazi wawili watatu namna ya kuvusha, kwa koti linalong'aa na kibao cha SIMAMA. Hii ni ya muda. Wazazi huchoka mwezi wa tatu.

Twende kwenye fedha. Kwanza mjue barabara ni ya nani, maana maombi mengi hufia kwenye meza isiyo yake. Kama hiyo ya lami ndiyo inayotoka nje ya mji kwenda Nzega, Urambo au Sikonge, ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na mwenye nayo ni Meneja wa Mkoa. Kama ni ya ndani ya mji, ni ya TARURA, ambayo tangu 2017 ndiyo inayosimamia barabara za mijini na vijijini zilizokuwa za halmashauri. Njia panda yenu inaweza kuwa ya wote wawili: lami ya mmoja, vumbi la mwingine. Ikiwa hivyo, barua iandikwe kwa wote, kila mmoja aone jina la mwenzake, vinginevyo kila mmoja atawaelekeza kwa mwenzake kwa adabu kabisa.

Kuna jambo kuhusu fedha ambalo madiwani wengi hawaligusi. Mfuko wa Barabara, ambao unatokana hasa na tozo kwenye mafuta, kisheria si chini ya asilimia 90 ya fedha zake huenda kwenye matengenezo na dharura, na za maendeleo hazizidi 10. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, lakini foleni ya wanaozisubiri ni ndefu, kuna vijiji havijafikika masika. Kwa hiyo ukiandika "tunaomba njia panda ijengwe upya" umejiweka kwenye foleni ya maendeleo. Ukiandika kwamba vibao vimeanguka, michoro imefutika, mtaro umeziba maji yanawasukuma watoto barabarani, unazungumzia matengenezo, na meneja ana mahali pa kuyaweka. Gawanyeni ombi lenu mara mbili: ukurasa mmoja wa madogo ya mwaka huu, mwingine wa zebra iliyoinuliwa na njia ya miguu. Usichanganye, maana kubwa litalizamisha dogo.

Muulizeni pia diwani kama barabara yenu imo kwenye mradi wa TACTIC, ule wa miji 45 unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kusimamiwa na TARURA, Tabora imo. Kama barabara yenu nayo imo, wahini. Kuongeza kivuko kwenye mchoro kabla mkandarasi hajasaini ni kazi ya kalamu. Baada ya hapo ni kazi ya miaka. Na kama ile ya vumbi ndiyo itakayowekwa lami, elewa kwamba lami ikija kasi inakuja nayo, kwa hiyo hata hilo geti jipya litahitaji tuta lake. Kwa vitu vidogo kabisa kama vizuizi vya zege, mbunge ana Mfuko wa Jimbo. Si aibu kumwendea.

Ratiba nayo ina wenyewe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na Bunge la bajeti linaketi Aprili hadi Juni. Ukipeleka barua Mei umechelewa mwaka mzima. Lipitisheni kwenye serikali ya mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, muhtasari usainiwe, lifike manispaa kabla ya Krismasi. Kuna pia Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti wake na TANROADS na TARURA wote huketi mle. Diwani amwombe meya aliseme humo, likae kwenye kumbukumbu.

Barua isiyo na hesabu ni malalamiko. Hesabu zenyewe hazihitaji mtaalamu. Pimeni mita 50 za barabara kwa kamba, mwalimu wa hisabati asimame na saa ya simu. Gari likipita hizo mita 50 kwa sekunde 6 linakwenda 30. Kwa sekunde 3.6 linakwenda 50. Kwa sekunde 3 linakwenda 60. Pimeni magari 100 bila kujionyesha, maana wakikuona na daftari wanadhani ni trafiki. Hesabuni watoto wanaovuka, nusu saa asubuhi na nusu saa ya kutoka, siku tatu. Waombeni polisi idadi ya ajali za eneo hilo, bila majina. Picha nne, na ramani ya kuchora kwa mkono. Ukurasa huo mmoja nitausoma kabla ya barua ya kurasa sita yenye "tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa".

Yapo nisiyoweza kuyasema kutoka hapa. Siijui miteremko ya hapo wala maji yanakwenda wapi, na tuta likiwekwa vibaya kwenye barabara isiyo na mtaro linageuka bwawa. Kabla hamjavunja ukuta au kutaja mahali pa kivuko, mwombeni mhandisi wa TARURA au TANROADS aje akanyage mwenyewe, na aje saa za shule; akija saa 5 ataona barabara tulivu na watu wanaokula maandazi. Mkisikia gari au lori limekatika breki hapo, au mtoto wa tatu amegongwa, msisubiri bajeti: siku hiyo hiyo mwalimu mkuu ampigie Mkuu wa Usalama Barabarani, askari asimame hapo. Mtoto aliyegonga kichwa apelekwe hospitali hata kama anacheka na kutaka ugali, na fomu ya polisi, PF3, ichukuliwe. Bila hiyo wazazi watapata shida kudai bima ya gari, na bila hiyo ajali yenu haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Na mwembe. Mzee ameona kitu cha kweli: unaficha. Lakini kinachoficha ni matawi ya chini na vitu vilivyowekwa kivulini mwake. Shina ni jembamba kuliko Hiace iliyoegeshwa. Mwombeni mwenye barabara aagize matawi yakatwe hadi mita mbili na nusu kutoka chini, dereva aone miguu ya watoto na watoto waone gari. Wenyewe msiuguse, umo kwenye hifadhi ya barabara. Desemba, maembe yakianza kudondoka, muwe na mtu wa kuyaokota mapema kabla kengele haijalia, maana embe likibiringika barabarani mtoto hatazami kushoto wala kulia.